Shukrani kwa dereva wa lori la magunia

Familia yetu ya Newala inamshukuru hadharani dereva ambaye, katika haraka ya msiba, hatukumuuliza jina.

Tulikuwa tukimsafirisha marehemu baba kutoka Dar es Salaam, maziko yakiwa yamepangwa baada ya sala ya adhuhuri, gari letu la kukodi lilipoharibika usiku wa manane karibu na Mbwemkuru. Magari kadhaa yalitupita. Yeye alisimama, akazima injini, akampa mama pole kabla ya kuuliza lolote. Alikuwa amebeba magunia matupu ya msimu wa korosho kuelekea Masasi. Pamoja na utingo wake aliyapanga upya, wakalaza jeneza katikati na kulifunga kwa kamba pande zote lisitikisike, kisha akamketisha mama mbele na kumpa shuka lake ajifunike. Masasi hakushusha mzigo; aliendelea nasi hadi nyumbani, akatupa mchanga kaburini, akakataa fedha ya mafuta.

Baba aliongoza biashara ya korosho tangu kabla ya stakabadhi ghalani, mfumo wa mkulima kuweka korosho ghalani kwa risiti hadi ziuzwe mnadani, na kila jioni aliwaita wanawe mmoja mmoja kwa majina mkekani kabla hajagusa chakula. Kwamba safari yake ya mwisho ilikuwa juu ya magunia yale, jambo hilo limemfariji mama mno.

Wenye magari wa barabara ya kusini, tafadhali msiwapite waliokwama. Nawe ndugu yetu, bahasha ya mafuta tumekutunzia. Mama anaomba uje, akuandalie chakula.