Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kutoka Uzi wa Jukwaani Hadi Ukurasa wa Wiki

Ndugu wanachama,

Mahesabu ya chama yamo katika taarifa ya mweka hazina, na mambo ya uanachama na uchaguzi yamo katika ya katibu. Sitayarudia. Taarifa yangu inahusu jambo moja lililochukua muda mwingi wa kamati mwaka huu, kwa sababu ndilo mnaloliuliza zaidi ninyi mnaoendesha tovuti za jamii: jukwaa la majadiliano na wiki (tovuti ambayo kurasa zake huhaririwa na watu wengi) viishi vipi pamoja bila kimoja kukifukia kingine.

Msimamo wa kamati nautaja mapema ili mnaosoma haraka msiukose. Programu za kuunganisha viwili hivi zipo na zinafanya kazi. Kinachokosekana kwenye tovuti nyingi ni mtu aliyepewa jukumu la kuchuja uzi (mfululizo wa mabandiko ya mada moja jukwaani) na kuuandika upya kuwa ukurasa. Pale ambapo kazi hiyo haina mwenyewe, jukwaa hujibu swali lilelile mwaka baada ya mwaka, na wiki hubaki na kurasa ambazo hakuna anayezigusa.

Tofauti ya uzi na ukurasa

Uzi hufuata saa. Kila bandiko lina jina la aliyeliandika na muda wake, na kumbadilishia mtu maneno yake ni kumlisha maneno. Ukurasa wa wiki hufuata mada. Hauna mwenyewe, mstari wenye kosa unafutwa hapohapo, na anayetaka kujua nani alibadilisha nini anafungua historia. Ukichanganya tabia hizi mbili mahali pamoja bila kutangaza ipi inatawala, wachangiaji wazuri wataanza kugombana na hawataelewa wanagombania nini.

Suala hili ni la zamani kama wiki zenyewe. Kwenye wiki ya kwanza, aliyoifungua Ward Cunningham mwaka 1995, watu walizungumza na kuandika waraka kwenye ukurasa uleule. Mazungumzo yakirefuka, mtu alitakiwa kuyafupisha yawe maelezo yanayosomeka. Wikipedia, iliyoanza mwaka 2001, ilitenganisha: programu yake ya MediaWiki huupa kila ukurasa mwenzake wa majadiliano, na ndani ya programu maeneo ya kurasa yana namba shufwa huku ya majadiliano yakiwa na namba witiri (makala 0, majadiliano yake 1, mtumiaji 2, majadiliano yake 3). Hata hivyo ukurasa wa majadiliano ni ukurasa wa wiki kama mwingine. Kwa asili yake, anayejibu huweka nukta pacha mwanzoni mwa mstari ili jibu liingie ndani, kisha husaini kwa alama nne za mawimbi (~~~~). Mgeni husahau yote mawili, na baada ya majibu sita haijulikani nani kasema nini. Kitufe cha kujibu kilikuja kwa kiendelezi cha DiscussionTools. Ninyi wenye MediaWiki, kiwekeni. Wageni wenu watakuwa na sababu moja pungufu ya kukimbia.

Majukwaa nayo yamesogea upande wa wiki. Discourse, programu ya jukwaa iliyotoka mwaka 2013, inaruhusu bandiko lolote kugeuzwa kuwa wiki, na Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya watayarishaji programu iliyoanza mwaka 2008, ina namna ya kulifanya jibu kuwa mali ya wote.

Kwa tovuti ndogo tunapendekeza muanze na bandiko la wiki ndani ya jukwaa, kwa kuwa halihitaji seva ya pili wala akaunti ya pili. Lakini jueni mipaka yake. Kwenye Discourse bandiko moja lina kikomo cha herufi 32,000 kama mipangilio haijaguswa. Picha na jina la aliyelianzisha hubaki juu yake, hivyo msomaji hudhani maneno yote ni yake. Hili linaumiza hasa pale mtu mwingine anapoongeza kosa na lawama zikamwendea mwanzilishi. Waandikieni mstari wa kwanza unaosema wazi kwamba hapa kila mtu anahariri. Na ukihariri bandiko la kwanza la uzi mrefu, uzi haupandi juu ya orodha. Wanaoufuatilia hawatajua, kwa hiyo ongeza bandiko fupi mwishoni: kimebadilika nini, na kwa nini.

Wakati wa kuhamia wiki kamili ni pale ukurasa mmoja unapolishwa na nyuzi nyingi, au mnapohitaji vigezo (vipande vinavyotumika tena kwenye kurasa nyingi), majedwali na jamii za kurasa. Kabla ya hapo ni mzigo wa bure.

Kuvuna uzi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, yaani kuchuja uzi na kuuandika upya, nanyi mnivumilie nieleze kwa kirefu.

Chukueni uzi wa mafundi cherehani wenye mabandiko 40, uliofunguliwa kwa swali “cherehani yangu inaruka mishono, nifanyeje?” Bandiko la 3 linasema badilisha sindano. La 5 hadi la 11 ni “hata mimi”. La 14 linasema sindano lazima isukumwe hadi juu kabisa, na upande wake bapa utazame nyuma. La 19 linapinga: kwake upande bapa hutazama kulia. La 26 linaeleza kwamba kitambaa kinachonyumbuka kinataka sindano ya ncha duara. La 33 ni la fundi aliyepima ndoano, sehemu inayoushika uzi wa sindano chini ya kitambaa: ncha yake inapaswa kuikuta sindano ikiwa imepanda milimita 2 hadi 2.5 kutoka chini kabisa. La 34 mleta mada anashukuru, anasema imepona, hasemi kilichoiponya.

Mvunaji asiye makini atanakili bandiko la 33 kwa kuwa ndilo lenye namba na linaonekana la kitaalamu. Atakuwa amewatuma wasomaji kufungua ndoano wakati wengi wao sindano imepinda tu. Mvunaji makini anaupanga ukurasa kwa dalili, kisha kwa sababu kuanzia iliyo rahisi kukagua: sindano mpya, imewekwa sawa, aina inayolingana na kitambaa, uzi wa kushonea umepita njia yake yote, na ndoano mwisho kabisa. Halafu anarudi kwenye uzi kumuuliza wa bandiko la 19 ana mashine gani, kwa sababu huenda wote wawili wamesema kweli. Mashine nyingi za nyumbani zinazotumia sindano za mfumo wa 130/705 H huweka upande bapa nyuma, lakini zipo zinazoweka pembeni. Mgongano wa namna hiyo hauamuliwi kwa kura. Unaandikwa pamoja na sharti lake: “kama mashine yako ni ya aina hii, fanya hivi.” Na mleta mada naye anaulizwa ni hatua ipi iliyomsaidia, mapema, kabla hajapotea.

Utaratibu tuliokubaliana ni huu. Uzi unavunwa ukiwa umetulia siku 14 bila bandiko jipya. Ukivunwa ukiwa moto, ukurasa unakuwa uwanja wa pili wa ubishi. Mhariri wa zamu anauandika ukurasa kwa maneno yake, na chini yake anaweka kiungo cha uzi. Kwenye uzi anaweka bandiko la mwisho lenye kiungo cha ukurasa, kisha anabandika taarifa hiyo juu. Uzi haufungwi, maana marekebisho bora hutoka kwa mtu anayefika miezi mitatu baadaye na mashine tofauti. Mtu wa pili, asiye mvunaji, anausoma ukurasa na uzi kwa pamoja ndani ya siku saba.

Kiungo kiende pande zote mbili. Kosa tulilolikuta mara nyingi tulipokagua tovuti za wanachama ni kiungo cha upande mmoja: wiki inaelekeza jukwaani, lakini anayefika jukwaani kutoka kwenye injini ya utafutaji anasoma mabandiko 40 ya zamani bila kujua kwamba muhtasari uliosahihishwa upo.

Umbo la maandishi hubadilika njiani. Kwenye majukwaa mengi ukibonyeza kitufe cha mstari mpya, mstari unakatika. Kwenye MediaWiki mistari miwili isiyotenganishwa na mstari mtupu huungana kuwa aya moja. Mstari unaoanza na nafasi tupu hugeuka kisanduku cha maandishi ya mashine, na hili ndilo huwashangaza wengi. Programu ya Pandoc hugeuza Markdown (alama za uandishi zinazotumika kwenye majukwaa mengi) kuwa maandishi ya wiki vizuri, ila nukuu za mabandiko zitahitaji mkono wako.

Picha msiziache zilipo. Mwaka 2017 kampuni moja kubwa ya kuhifadhi picha ilibadilisha masharti, na picha zilizokuwa zimepachikwa kwenye majukwaa mengi duniani zikazimika; maelezo ya ufundi ya miaka mingi yakabaki na vibao tupu. Picha yoyote inayobeba maelezo ipakieni kwenye seva yenu, kwa ruhusa ya aliyeipiga.

Nikiwa kwenye ruhusa: maneno ya bandiko ni ya aliyeliandika mpaka masharti ya tovuti yaseme vinginevyo. Kama wiki yenu iko chini ya leseni ya CC BY-SA 4.0 (inayoruhusu kunakili kwa sharti la kumtaja mwandishi na kutumia leseni hiyohiyo) na jukwaa halina leseni, hamna haki ya kuhamisha aya nzima. Wekeni leseni hiyohiyo pande zote kuanzia sasa, kwa mabandiko mapya. Kwa ya zamani, ukweli wenyewe ni huru, hivyo uandikeni upya kwa maneno yenu. Mkitaka maneno ya mtu, mwombeni. Majina ya waliochangia yatajwe kwenye muhtasari wa hariri. Mtu aliyetoa saa zake tatu kupima ndoano anastahili angalau hilo.

Akaunti moja, milango miwili

Wanaotumia programu mbili wanataka mtumiaji aingie mara moja tu. Kwenye Discourse njia iliyozoeleka ni DiscourseConnect: jukwaa hutuma namba ya mara moja, tovuti yenu hurudisha utambulisho wa mtumiaji na barua pepe yake, vyote vikiwa vimetiwa saini ya HMAC-SHA256 (njia ya kuthibitisha kwamba ujumbe haukubadilishwa) kwa siri inayojulikana na pande mbili tu.

Mitego ni miwili. Wa kwanza ni jina. MediaWiki hufanya herufi ya kwanza kuwa kubwa na huona mstari wa chini na nafasi tupu kuwa kitu kimoja. Majina mawili tofauti jukwaani yanaweza kuwa jina moja kwenye wiki. Unganisheni kwa namba ya mtumiaji isiyobadilika, kamwe msiunganishe kwa jina.

Wa pili ni hatari zaidi. Kama upande unaosajili hauhakiki barua pepe, mtu anaweza kujisajili kwa anwani ya moda (msimamizi) wenu, akavuka upande wa pili, akapokelewa kama moda. Barua pepe ihakikiwe kabla ya kuvuka. Na kumbukeni kwamba kumfungia mtu jukwaani hakumtoi kwenye akaunti aliyokwisha kuingia upande wa wiki. Moda awe na orodha ya hatua za pande zote mbili, na azifuate zote.

Anayeomba kuondolewa, kwenye wiki abadilishwe jina. Akaunti yenyewe msiifute, maana historia ya kurasa inaitegemea.

Viungo na takataka

Ukihamisha ukurasa, MediaWiki huacha elekezo, yaani ukurasa unaompeleka msomaji kwenye jina jipya, kwenye jina la zamani. Ukihamisha mara ya pili, elekezo la kwanza litaelekeza kwenye elekezo, na msomaji atakwama hapo kwa sababu programu hufuata moja tu. Kagueni orodha ya maelekezo maradufu kila mwezi. Jukwaani, anwani ya uzi wa Discourse ina maneno na namba. Namba ndiyo inayoshika, maneno yanaweza kubadilika. Kuunganisha nyuzi hubadilisha namba za mabandiko, hivyo hariri viungo vya wiki siku hiyohiyo.

Wiki iliyo wazi kabisa hujaa matangazo ya roboti ndani ya siku chache. MediaWiki huweka alama ya nofollow kwenye viungo vya nje ili visipate faida kwenye injini za utafutaji, lakini roboti haziangalii hilo. Wikipedia ya Kiingereza humhesabu mtumiaji kuwa amethibitika baada ya siku 4 na hariri 10, wakati MediaWiki mpya inakuja na sifuri kwa vyote viwili. Badilisheni kabla ya kufungua mlango. Mkiwa na jukwaa, mna kipimo bora zaidi: ruhusa ya kuhariri wiki itokane na ushiriki wa jukwaani. Discourse humpandisha mgeni ngazi ya 1 akishaingia kwenye nyuzi 5, akasoma mabandiko 30 na kutumia dakika 10 akisoma, na ngazi hiyo ndiyo inayoruhusu kuhariri mabandiko ya wiki. Ni kizingiti kidogo kwa binadamu na kikubwa kwa roboti.

Mwaka ujao

Kamati inaomba kila tovuti mwanachama iteue wahariri wa zamu wawili, kila mmoja avune uzi mmoja kila siku saba, wasizidishe. Tumeona heri kurasa chache zilizosomwa na watu wawili kuliko rundo lililonakiliwa. Majina yamfikie katibu kabla ya mkutano mkuu, pamoja na anwani ya uzi mmoja mnaoona unastahili kuvunwa kwanza. Nyuzi hizo ndizo tutakazozifanyia kazi pamoja siku ya mkutano, kuanzia bandiko la kwanza, hivyo chagueni zenye ubishi ndani yake.

Mwenyekiti