Simu za gundi zatumaliza mafundi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni, manake wiki hii nimemrudisha mteja wa tatu na simu yake mkononi, imegandishwa gundi haifunguki, na mi si mtu wa kushindwa na simu hivi hivi.

Nimezaliwa Kibokoni 1979. Kitu cha kwanza kufungua ilikuwa redio ya babangu, ile ya mawe manne, mawe yakichoka twayaanika juani yapate nguvu ya jioni. Nlikuwa na miaka tisa, mshale wa stesheni umekwama, nkafungua kwa kisu cha siagi nkakuta ndani kauzi kamezunguka vigurudumu, kamekatika. Nkatia uzi wa cherehani wa mama, ukateleza. Nkatia mshipi wa kuvulia, huo ndo ukashika. Babangu kuja kuingia akakuta skrubu mbili zimebaki mezani na redio yasoma matangazo ya vifo kama kawaida, akanizaba kofi kwanza halafu ndo akauliza nimefanyaje. Kesho yake jirani akaleta yake.

Basi nkaenda kukaa kwa fundi wa TV, Majengo, miaka minne hakuna mshahara ni chai na mkate tu, lakini kulehemu nlijua. (Ukipuliza risasi ipoe upesi, kofi jengine.) Mwaka 2000 kampuni za simu za mkono zikaingia kwa kishindo na hapo ndo nkahamia. Nokia 3310 wafungua kwa kidole gumba, betri hii hapa, kava hili hapa. Ile simu ndo iliyonilipia mahari, sitanii. Halafu Juni 2009 waya wa intaneti wa chini ya bahari, TEAMS, ukatua hapa hapa Mombasa, mwezi uliofuata mwengine, SEACOM, ukaanza kazi, na pole pole ramani za bodi (michoro ya njia za umeme ndani ya simu) tukawa twazifungua wenyewe kibandani badala ya kukaa saiba twahesabu dakika. Mwisho wa Septemba 2012 simu feki zikazimwa kwa amri ya serikali, drowa yangu nzima ikawa takataka, nkala hasara nkanyamaza.

Lakini hii ya sasa siwezi kunyamaza. Hapa pwani adui wetu ni chumvi. Simu ikianguka maji ya bahari watu waitia kwa mchele siku tatu, jamani mchele hauvuti chumvi, ukija kufungua bodi imeshaota kutu ya kijani. Dawa yake ni kutoa betri hapo hapo, uoshe bodi kwa spiriti na mswaki. Sasa nitoe betri vipi na simu imegandishwa gundi? Lazima nichome mgongo wa kioo kwa hewa moto, kioo chapasuka, mteja ajua ni mimi nimevunja. Na kuna zengine nimetoa skrini kwa simu moja nkaweka kwa pacha wake, zote halali, simu yaniandikia eti kifaa hakitambuliki! Kijana mwanagenzi nilonaye aogopa hata kushika bisibisi, manake kosa moja ni pesa ya mwezi mzima. Atajifunzia wapi huyo?

Ulaya mwaka 2024 wamepitisha sheria ya haki ya kutengeneza vitu vilivyoharibika, na kwa sheria yao nyengine kuanzia Februari 2027 betri za vyombo vya mkononi zatakiwa mwenyewe aweze kuzitoa, japo si zote. Sisi je? Meli zikishusha simu Kilindini zishushe na vipuri na ramani zake, fundi wa kibandani auziwe kama anavyouziwa mwengine, sijaomba zaidi ya hapo.

Waheshimiwa wabunge wa pwani mnaosoma gazeti hili, mswada kama huo mwauleta lini? Hizo simu zilizonishinda, ambazo wenyewe hawakuzirudia, nimezitia kwa kartoni, mkitaka kuziona njooni.

Fundi wa simu,
Mwembe Tayari, Mombasa