Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Vitabu Vilivyolowa na Mfalme Susko

Ndugu wanachama,

Hamjambo nyote, mliofika ukumbini hapa Jersey City na mnaosikiliza kwa simu mkiwa zamu ya usiku. Katiba yetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa iliyo fupi na inayoeleweka. Nitajitahidi kwa hilo la pili.

Nianze na msiba. Mwezi wa Februari tangi la maji moto lilipasuka kwenye besimenti ya jengo tulimokuwa tukiweka kabati letu la kuazimisha vitabu vya zamani vya vijana wa Marekani. Katibu alikuwa ameshaandika mara mbili kuwa linavuja, na mara mbili akajibiwa kwamba fundi yuko njiani. Fundi alifika siku ya pili baada ya mafuriko, akatuuliza kwa nini tunaweka vitabu chini. Vitabu 61 vililowa, vingine mpaka mgongoni.

Wageni kati yenu huenda hawajui tunazungumzia karatasi ya namna gani. Vitabu hivi vya vijana, Rover Boys, Motor Boys, Tom Swift na wenzao, vilichapwa kwa karatasi rahisi ya mbao, yenye asidi inayoila taratibu miaka na miaka. Inageuka rangi ya chai ya rangi, halafu ukikunja pembe inakatika kama kaukau. Ikilowa, kurasa hushikana. Na hapa New Jersey kitabu kilicholowa hakikawii kuota ukungu.

Kilichotuokoa ni friza. Kitabu ambacho huwezi kukikausha leo kifunge peke yake kwenye karatasi ya nta, kigandishe. Baridi inauzuia ukungu, nawe unapata nafasi ya kutoa viwili vitatu kila wiki, ukavisimamisha wima mbele ya feni kurasa zikiwa zimefunguka kidogo, na karatasi za jikoni nyeupe zikiwa zimepachikwa kila baada ya kurasa kumi au zaidi. Usivianike juani, vitapinda kama mabati. Kwa miezi miwili friza yangu ilikuwa na sambusa za Ramadhani upande mmoja na Tom Swift upande wa pili. Mume wangu alitoa kifurushi saa kumi alasiri, akakiweka kwenye beseni kiyeyuke kwa ajili ya futari. Ilikuwa hadithi ya pikipiki ya mwaka 1910. Tumesameheana.

Tumepoteza vitabu tisa moja kwa moja. Kinachoniuma zaidi ni Motor Boys ya kwanza, ya mwaka 1906, kwa sababu kwangu mimi hicho ndicho kitabu kilichoanzisha yote haya. Kabla yake, kitabu cha mtoto chenye jalada gumu kwa kawaida kiliuzwa dola moja au zaidi, na aliyelipa ni baba. Edward Stratemeyer, mtunzi wa vitabu hivi, Mjerumani wa kizazi cha pili aliyezaliwa mji wa Elizabeth, jirani zetu hapa, akamshawishi mchapishaji auze kwa senti 50. Faida ya kila nakala ilikuwa ndogo, lakini nakala zilikwenda nyingi. Na senti 50 mvulana anaweza kuzikusanya mwenyewe kwa kuuza magazeti. Tangu hapo akaingia dukani na hela yake mfukoni, akachagua anachokitaka, akatoka, akamwazima mwenzake. Mimi nililelewa Tanga nikiambiwa vitabu vya ushujaa ni vya kaka zangu, kwa hiyo nina wivu wangu kidogo na mvulana huyo, lakini naelewa kwa nini wakubwa walikasirika. Mwaka 1914 Franklin Mathiews, mkutubi mkuu wa Skauti wa Marekani, aliandika kwamba vitabu hivi vinawafumua watoto ubongo. Alitumia nguvu nyingi kuwatafutia vijana vitabu vingine, akawa miongoni mwa waliozaa ile Wiki ya Vitabu vya Watoto ya mwaka 1919, ambayo shule za watoto wetu huiadhimisha mpaka leo. Kwa hiyo mwanao akija nyumbani na karatasi ya Wiki ya Vitabu, mjue hasira dhidi ya Rover Boys imo humo ndani.

Ziara. Mwezi wa Mei tulikwenda makaburi ya Evergreen kule Hillside, tulikuwa kumi na wanne pamoja na watoto. Stratemeyer alifariki Mei 1930, siku chache tu baada ya vitabu vya kwanza vya Nancy Drew, yule msichana mpelelezi, kutoka, na amezikwa hapo. Mtu aliyeandika kwa majina chungu nzima ya kubandika sasa yuko chini ya jina lake mwenyewe. Binti yetu mmoja wa miaka kumi akauliza kama yule Arthur Winfield, jina lililo kwenye majalada ya Rover Boys, naye amezikwa hapo hapo. Tukamwambia ndiyo.

Wiki mbili baadaye wanane kati yetu tulikwenda Maktaba ya Umma ya New York, ambako kumbukumbu za ofisi yake zimehifadhiwa. Mabegi yanabaki chini, kalamu ya wino hairuhusiwi, unapewa penseli. Ziara hii ndiyo iliyowageuza wengi. Tulizoea kudhani vitabu hivi viliandikwa na watu. Kumbe vilitoka karakana. Stratemeyer aliandika muhtasari wa kurasa chache: nani yuko wapi, nani adui, sura ipi inaishia kwenye mtego. Muhtasari ukapelekwa kwa mwandishi wa kukodi, naye akaujaza ukawa kitabu, akalipwa mara moja, akatia saini karatasi kwamba hana dai tena, hata jina. Leslie McFarlane, Mkanada aliyeandika Hardy Boys za mwanzo, hadithi za ndugu wawili wapelelezi, mwaka 1927, alipewa dola 125 kwa kitabu. Jalada likasema Franklin W. Dixon, mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Mweka hazina wetu ni fundi cherehani, na alituelewesha vizuri kuliko kitabu chochote: mwenye duka anakata vitambaa mwenyewe, anagawa kwa vijana washone vipande, halafu lebo ni yake. Kitambaa kikikatwa vibaya hakuna mshonaji atakayekiokoa. Stratemeyer alikuwa mkataji. Hadithi yake ya kwanza kuuzwa aliiandika juu ya karatasi ya kufungia bidhaa katika duka la tumbaku la familia, mwishoni mwa miaka ya 1880, akapata dola 75. Mwaka 1898 alikuwa na mswada wa vijana ndani ya manowari mikononi mwa mchapishaji. Dewey, kamanda wa jeshi la majini la Marekani, akazishinda meli za Wahispania kule Manila mwezi wa Mei, mchapishaji akauliza kama hadithi inaweza kuhamia Manila, na kabla ya wengine kuamka, kitabu kilikuwa dukani. Na alikuwa na ujanja ambao wafanyabiashara wetu wataupenda: mfululizo mpya hakutoa kitabu kimoja, alitoa vitatu kwa mpigo. Vikienda, cha nne kinaandikwa. Visipoenda, hasara imeishia hapo.

Sasa niingie kwenye jambo lililotuchukulia mikutano mitatu na kuwafanya baadhi yenu msisalimiane mpaka Agosti.

Katika vile vitatu vya kwanza vya Rover Boys, vyote vya mwaka 1899, kimo kimoja kinachowapeleka wale ndugu Dick, Tom na Sam Afrika, kwenye Mto Kongo, kumtafuta baba yao aliyekwenda kusaka dhahabu na kutoonekana tena. Baba ameshikwa mateka na mfalme mmoja aitwaye Susko. Mzee wetu wa kutoka Bukavu, Kongo, aliomba akisome kwa sauti kwenye kikao cha Juni, akitafsiri moja kwa moja kwa Kiswahili. Mlikuwapo, mnakumbuka. Kwanza ukumbi ulikuwa unacheka. Susko! Mzee alilitamka jina lile kila mara kwa heshima kubwa, kama anayeita chifu barazani, na watoto walikuwa chini ya meza kwa kicheko. Hata sura ambazo si nzuri zilikuwa zinakwenda, kwa sababu kila moja inaishia mtu ananing'inia pahala.

Halafu akavua miwani. Akasema mwaka 1899 Kongo ilikuwa mali binafsi ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, tangu 1885 na mpaka 1908, na watu wa huko walikuwa wanapigwa, wanachukuliwa wake zao mateka, wanakatwa mikono kwa ajili ya utomvu wa mpira. "Kongo ya mwaka huo ilikuwa na mfalme mbaya kweli," alisema, "ila alikaa Brussels. Hawa wavulana wametoka Amerika mpaka kwetu, wakatuonyesha Susko." Akakifunga kitabu, akaomba maji.

Mvulana mmoja wa mwanachama wetu hakuridhika. Yeye alitaka kujua kwa nini Aleck Pop, mhudumu mweusi anayeandamana na akina Rover, maneno yake yameandikwa yamevunjwavunjwa kuliko ya mtu mwingine yeyote. Mama yake alimjibu kwamba ndivyo walivyotaka wasomaji wacheke. "Wamcheke nani?" Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na haukuwa wa watoto.

Upande mmoja mlitaka vitabu vya namna hiyo viondoke kwenye kabati la kuazimisha: hicho cha Kongo, zile Tom Swift zenye Eradicate, mzee mweusi wa kuchekesha, na baghala wake, na ile ya mwaka 1911 ambamo Tom anaruka mpaka Afrika na bunduki ya umeme kuwinda tembo na kupigana na mbilikimo. Upande wa pili mlisema tuweke matoleo yaliyosafishwa, kama Hardy Boys zilizoandikwa upya kuanzia 1959 chini ya Harriet Adams, binti wa Stratemeyer. Kura zilikuwa 17 kwa 11: vya zamani vinabaki, lakini mtoto wa chini ya miaka 13 anaazima pamoja na mzazi, na mzazi anatia saini kwamba wamesoma wote.

Mwenyekiti hapigi kura ila zikifungana, lakini sikatazwi kusema. Naunga mkono uamuzi huo, na sababu yangu ni yale matoleo mapya yenyewe. Nimesoma kadhaa sambamba, la zamani mkono huu, jipya mkono huu. Maneno ya kutukana yameondolewa, ni kweli. Mara nyingi lakini njia iliyotumika ni kumwondoa mtu mweusi mwenyewe. Bayport, mji wa akina Hardy, umesafishwa mpaka sisi hatumo. Na hadithi zimefupishwa, zile sura za McFarlane za watu kula na kutaniana zimekwenda na maji. Nikiambiwa nichague kati ya kitabu kinachonitukana na kinachonifuta, nitachukua kinachonitukana, nikae na mwanangu tukijibu. Wanaopinga nao wana hoja: si kila mzazi hapa ana saa moja ya kukaa, wengi tunatoka zamu moja kuingia nyingine. Kamati ipitie sharti hili tena baada ya mwaka.

Nisisahau: ile bunduki ya umeme. Mwanafizikia Jack Cover, aliyetengeneza silaha ya umeme ya polisi katika miaka ya 1970, alikuwa msomaji wa Tom Swift, na jina Taser limetokana na herufi za jina la kitabu hicho. Silaha inayoning'inia kiunoni mwa askari wa mtaa wetu ilianzia kwenye hadithi ya kuwinda tembo kwetu. Nilipolitaja hili Julai mlidhani natania.

Fedha. Mweka hazina atasoma hesabu kamili, mimi nitaje mawili. Ada zimelipwa na wanachama 34 kati ya 41. Saba mnajijua, na risiti zipo. Pili, tulitoa dola 90 kwa Tom Swift iliyoelezwa kuwa ya toleo la kwanza. Haikuwa. Muuzaji simtaji. Kosa ni letu, kwa kuwa tarehe iliyochapwa ndani haina maana kwa vitabu hivi. Waliendelea kuichapa ile ile miaka na miaka. Unachotakiwa kufanya ni kufungua kurasa za matangazo nyuma na kusoma orodha ya vitabu vya mfululizo huo. Kitabu cha mwaka 1910 kikitangaza hadithi za 1917, hakikuchapwa 1910. Tangu sasa hakuna ununuzi wa zaidi ya dola 30 bila watu wawili kuipitia hiyo orodha.

Kabati limehamia ghorofa ya pili, nyumbani kwa katibu, mbali na mabomba. Funguo ziko mbili, kwake na kwangu.

La mwisho ni pendekezo la mzee wa Bukavu, ambalo kamati imelikubali na linaletwa kwenu leo. Tumeshaona karakana inavyofanya kazi, basi tuifungue yetu. Yeye atakata kitambaa: hadithi tatu za Kiswahili za vijana wetu, wasichana wamo, zikianzia Mto Kongo mwaka ule ule wa 1899, safari hii wakiwa upande wa wenyeji. Washonaji ni ninyi. Muhtasari wa kitabu cha kwanza, kurasa mbili, uko mezani karibu na chai. Chukua sura moja, uilete ndani ya siku 40. Sharti ni moja, sura iishie pabaya. Malipo ni sahani ya pilau, na mtatia saini kwamba hamna dai jingine. Lakabu ya mwandishi bado tunaibishania, kwa hiyo andikeni mapendekezo nyuma ya karatasi ya kura. Susko limeshapendekezwa mara sita, tafadhalini, inatosha.