Kahawa isitwishwe mzigo wote wa mifupa yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii ya barua nizungumzie neno ambalo limeenea katika vijiwe vya kahawa hapa Kirumba, jijini Mwanza, kwamba kahawa inakula mifupa na kwamba mzee asiyetaka kushika mkongojo sharti aiache. Mimi ni mwalimu mstaafu, si tabibu, tena nimekunywa kahawa chungu tangu ujana, hivyo msomaji ana haki ya kunishuku kuwa ninalitetea birika. Lakini kilichonisukuma kuandika ni yaliyomkuta dada yangu mkubwa.

Mwaka jana, mvua ikiwa imetoka kunyesha, dada aliteleza kwenye ngazi za mawe akishuka kutoka nyumbani kwake Bugarika, akajikinga kwa mkono, na kifundo kikavunjika. Huko alikofungwa plasta aliulizwa kama anakunywa kahawa, akakiri, akaambiwa aache. Hakuulizwa anakula nini. Dada ni mtu wa kutii, akaacha siku hiyohiyo. Nilipokwenda kumjulia hali ndipo nikabaini kwamba maziwa, ambayo sisi tulikulia kwayo huko Usukumani, hajayagusa kwa miaka mingi, na kwamba dagaa hawapiki kwa sababu wajukuu humwambia ni chakula cha kuku.

Ni kweli kwamba kafeini iliyomo katika kahawa huzifanya figo zitoe kwa njia ya mkojo kiasi kidogo zaidi cha kalsiamu, yaani madini yanayoujenga mfupa, na hupunguza kidogo ile inayofyonzwa na utumbo. Jambo ambalo kijiweni halisemwi ni kiasi chenyewe: kikombe kimoja cha kawaida humpotezea mtu takriban miligramu 5 za kalsiamu, hasara ambayo kijiko kimoja au viwili vya chakula vya maziwa hutosha kuifidia, ilhali mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku na zaidi kidogo akishavuka miaka hamsini. Kwa hesabu hiyo, anayekunywa vikombe vitatu na kula vizuri hajapungukiwa na kitu cha kumnyima usingizi, isipokuwa kahawa yenyewe.

Watafiti wa Uswidi waliwafuatilia wanawake 61,433 tangu mwaka 1987, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2013. Wale waliokunywa vikombe vinne au zaidi kwa siku walionekana kuwa na madini pungufu katika mifupa kwa kati ya asilimia 2 na 4, wakilinganishwa na waliokunywa chini ya kimoja, lakini hawakuvunjika mifupa zaidi kuliko wenzao. (Na vikombe vinne vya Uswidi si vikombe vinne vya Kirumba, hivi vyetu vidogo havifiki hata nusu ya kikombe cha chai.) Mapema zaidi, mwaka 1994, ulichapishwa utafiti wa wanawake 980 waliokwisha koma hedhi katika eneo la Rancho Bernardo, jijini San Diego, California, Marekani. Humo kahawa ya miaka mingi iliendana na mifupa iliyopungua uzito, ila si kwa wale waliokuwa wakinywa walau glasi moja ya maziwa kila siku kwa sehemu kubwa ya maisha yao ya utu uzima.

Sisemi kwamba kahawa haina neno kabisa. Mwanamke aliyekoma hedhi hupungukiwa na homoni ya estrojeni, na hapo mfupa hubomoka upesi kuliko unavyojengeka. Huyo akinywa vikombe vingi huku chakula chake hakina kalsiamu, anajiongezea hasara juu ya hasara. Isitoshe, kahawa ya aina ya robusta ya Kagera, ambayo huku kwetu kanda ya ziwa ndiyo iliyozoeleka, ina kafeini inayokaribia maradufu ya ile ya aina ya pili, arabika.

Kinachonitia shaka zaidi ni mazoea tuliyojijengea ya kuifanya kahawa kuwa mlo. Wapo wazee wenzangu, na wapo akina mama wanaoanika na kupakia dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, ambao tangu alfajiri mpaka adhuhuri hawatii kitu kinywani ila kahawa na kashata, na mchana wakipata ugali na mboga ya haraka wamemaliza. Dagaa wa ziwa hili huliwa mzima, kichwa na miiba yake, na kalsiamu imo katika hiyo miiba. Lakini magunia kwa magunia hupakiwa mbele ya macho yetu kwenda kusagwa kuwa chakula cha mifugo, huku wanaoyapakia wakibaki na birika. Maziwa ya mgando nayo, yasiyokuwa haba katika mkoa wa wafugaji, vijana wameyabandika jina la chakula cha kijijini.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Magazeti, likiwemo hili lako, yanapoandika kwamba kahawa inadhuru mifupa yaeleze katika habari hiyohiyo ni kwa kiasi gani na kwa nani. Na wahudumu wa afya, kabla ya kumkataza mzee kikombe chake, wamuulize kwanza amekula nini tangu juzi. Dada yangu aliulizwa swali hilo na mimi, ndugu yake asiye na taaluma, naye sasa hunywa bilauri ya mgando asubuhi, dagaa wamerudi chunguni mwake, na jioni hujipatia kikombe kimoja cha kahawa bila kumficha mtu.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu mstaafu,
Kirumba, Mwanza