Picha ya Nome imegeuzwa, ikakatwa, ikapakwa rangi

Mhariri,

Miaka yote hii nimekuwa nikiona picha za kale zikiharibiwa gazetini mwako, nikanyamaza. Ile ya Jumapili iliyopita, ya wachimba dhahabu ufukweni, mliyoipaka rangi na kuiita ya Klondike, sitainyamazia.

Kwanza, hapo si Klondike. Klondike iko bara, Kanada, kwenye bonde la mto Yukon. Picha yenu ina mawimbi na meli zilizotia nanga mbali. Hiyo ni Nome, Alaska, ambako mwaka 1900 hapakuwa na bandari. Watu na mizigo walishushwa kwa matishari. Jina la mji lilikuwepo ukingoni mwa picha, mkalikata. Wapiga picha wa Nome, akina B. B. Dobbs na Eric Hegg, walikuwa na desturi ya kuandika maelezo kwenye negativu yenyewe, yaani ile sahani ya kioo ambayo picha huchapwa kutokana nayo. Huandikwa kinyumenyume, kwa wino mzito, upande wa jelatini, ule utando unaobeba picha; wino huzuia mwanga, ndiyo maana herufi hutoka nyeupe kwenye karatasi. Zikikwaruzwa kwa sindano hutoka nyeusi. Zikisomeka sawasawa, picha iko upande wake. Yenu imegeuzwa: vifungo vya makoti ya wanaume wote viko kushoto kwa mvaaji!

Rangi ndiyo imeniudhi kuliko yote. Sahani za kioo za wakati ule zilihisi zaidi mwanga wa bluu, na nyekundu karibu hazikuiona kabisa. Kwa hiyo anga hutoka jeupe tupu, na kitu chekundu hutoka cheusi. Dhahabu ya ufukwe wa Nome ilikuwa chembe laini mno, na ilijikusanya kwenye matabaka ya mchanga mwekundu wa garneti. Mchimbaji aliutafuta mchanga huo kwanza. Ule mstari mweusi ukutani mwa shimo, miguuni pa yule mwenye kofia, ndio mchanga mwekundu wenyewe, na programu yenu imeufanya tope. Bamba lililo ndani ya sanduku la kutikisa, lile la kuoshea mchanga wenye dhahabu, mmelipaka rangi ya mbao. Lile ni bamba la shaba lililopakwa zebaki ili linase chembe, na hung'aa kama fedha. Mchimbaji mdogo yeyote wa Geita angewaeleza zebaki inafanya nini pale.

Halafu mkashauri negativu za kioo za babu zetu zioshwe kwa maji ya sabuni! Jelatini ikilowa huvimba, ikaanza kubanduka pembeni, na picha ikaondoka nayo. Upande usiong'aa, wenye jelatini, ni wa brashi laini tu. Upande wa kioo ufutwe kwa pamba yenye unyevu kidogo wa maji yaliyokenekwa, mkono uishie kabla ya kingo. Sahani isimamishwe kwa ubavu wake mrefu, ndani ya bahasha ya karatasi. Iliyovunjika ndiyo hulazwa.

Ichapeni upya Jumapili ijayo, nyeusi na nyeupe, ukurasa uleule, ukubwa uleule, pamoja na zile sentimeta 2 za chini mlizozikata.

Mtunza picha za kale,
Tanga