Bao la Mkunguni tutacheza na nani?

Bwana Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu wajukuu wangu hawajazaliwa na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Ile habari yenu ya wazee na upweke ndiyo iliyonitia kalamu mkononi. Eti mzee wa Lamu asijifungie ndani, atoke akakae barazani, acheze bao uwanjani Mkunguni. Ahsanteni. Tangu lini mwanamke wa mtaa wetu wa Langoni akaenda kucheza bao Mkunguni? Picha nzima kofia tupu, buibui halimo hata moja. Au sisi hatuzeeki?

Baraza letu lilikuwa nyumba ya jirani. Unaingia na ukili wako wa mkeka, unasuka, habari zinapita. Sasa wenzangu wengine wamekufa, wengine wamehamia kwa wana wao Mombasa, na nyumba mbili za mtaani zimenunuliwa na wageni wanaofika mara moja kwa mwaka. Nibishe hodi kwa nani?

Daktari aliponipima presha aliniambia nitembee dakika 30, siku tano kwa wiki. Nikampata mwenzangu mmoja, tukawa twatoka baada ya swala ya alfajiri, twafuata njia ya pwani kuelekea Shela. Magoti yakalainika, na umbea wa njiani, Mungu atusamehe. Mwezi uliopita pikipiki ikatutokea kwa nyuma, taa haina, honi haikupiga. Ikalinasa buibui la mwenzangu, likachanika toka kwapani mpaka pindoni, naye akaangukia goti lile lile bovu. Kijana akageuza shingo tu: “Bibi, nyinyi si mngelala?” Tulale! Mji huu ni wa punda, na punda ana adabu zake: mwenyewe hupiga kelele “simile! simile!” nawe ukajibanza ukutani. Pikipiki simile yake iko wapi? Tangu siku hiyo mwenzangu hatoki, mwanawe kamkataza. Mimi ndiye ninayemwendea, twakaa kitandani kwake twatazama ukuta.

Na madamu kalamu ninayo: zile shilingi 2,000 za mwezi za serikali kwa waliotimiza miaka 70. Mashine ya wakala haisomi kidole changu, ukili umekisugua miaka hamsini kikabaki laini kama kijiko. “Kaoshe mkono, bibi, ujaribu tena.” Naosha tangu Ramadhani.

Dawa yangu ni hii. Pikipiki zisipite njia ya pwani toka adhana ya alfajiri mpaka jua litoke, na atakayebisha afungwe njuga shingoni, yeye, si pikipiki. Viwekwe na viti viwili vya kuegemea, visiwe vya chini. Mimi nikikaa chini huinuliwa na watu wawili.

Mwandishi wenu akirudi na kamera yake, mimi hutoka saa kumi na moja na nusu. Lakini apitie kwanza kwa mwenzangu, amwambie yeye hayo ya kutojifungia ndani.

Bibi wa wajukuu tisa,
Langoni, Lamu