Barua kutoka Goma kuhusu kuketi na pumzi

Goma, Himbi

Dada yangu mpendwa,

Barua yako kutoka Lubumbashi imenifikia salama, na nimemshukuru Mungu kusikia kwamba mtoto amepona malaria na amerudi masomoni. Swali ulilolitia mwishoni sikutaka kulijibu kwa simu. Unauliza kama mtu aliyebatizwa anaweza kuketi kimya kila asubuhi akiifuata pumzi yake, bila kuwa ameingia kisirisiri katika dini ya watu wa Asia. Mimi mwenyewe nililibeba swali hilo kwa muda mrefu, nami nitakueleza nilivyolitua.

Unakumbuka tulivyoikimbia pamoja volkano ya Nyiragongo Januari 17, 2002, ukiwa bado hapa. Mei 22, 2021 Nyiragongo ilipasuka tena, ardhi ikatetemeka mchana na usiku, na tarehe 27 tukaamriwa kuhama. Nilitembea na watoto hadi Sake. Tuliporudi, nyumba ilikuwa imesimama, lakini usingizi wangu haukurudi. Lori likipita barabarani usiku, niliruka kitandani na kushika kizingiti cha mlango. Muuguzi mmoja ndiye aliyenifundisha kuketi, kuweka nyayo chini, kuisikia pumzi inavyoingia na kutoka, na kila akili ikitoroka kuiita irudi bila kujilaumu. Hakutaja dini yoyote, wala mimi sikuwa natafuta hekima. Nilitafuta usingizi.

Baadaye, niliposoma zaidi, niligundua kwamba wengi wameingilia mlango huo wa maumivu. S. N. Goenka, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Burma mwaka 1924, aliteswa na kichwa ambacho madaktari walishindwa kukituliza, na mwaka 1955 akaenda kwa U Ba Khin, mwalimu Mbuddha wa kuketi kimya, ambaye hakuwa mtawa bali mhasibu mkuu wa serikali. Mwalimu huyo alimkatalia kwanza, akisema kwamba mafundisho yake hayakuwekwa kwa ajili ya kutibu kichwa tu. Na Goenka naye alisita, kwa kuwa alikuwa Mhindu mwenye msimamo na aliogopa kuiacha dini ya wazazi wake. Akaulizwa: je, dini yako inapinga mwenendo mwema, utulivu wa moyo na hekima? Dada, hofu yake ilikuwa hiyo hiyo yako. Alikaa siku kumi, na tangu mwaka 1969 akawafundisha Wahindu, Waislamu na Wakristo huko India, mapadri na masista wakiwa miongoni mwao.

Jon Kabat-Zinn, mtaalamu wa biolojia aliyekuwa amefunzwa na walimu wa Kibuddha, alifungua mafunzo ya kuketi namna hii mwaka 1979 katika hospitali ya chuo kikuu mjini Worcester, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha. Alilivua zoezi hilo mavazi ya dini ili kila mgonjwa aweze kulipokea. Ninamshukuru, maana bila hilo lisingenifikia. Lakini naona si haki kuficha kwamba asili yake ni watawa wa Buddha. Anayekula mahindi ya jirani anapaswa kujua shamba lilikuwa la nani. Neno lao la kale, sati, lina maana ya kukumbuka, nami nalipenda kuliko neno uzingativu tunalolitumia, kwa sababu ndilo linalonitokea: ninakumbuka kwamba niko hapa.

Kila Jumamosi alasiri tunaketi watu saba chini ya mparachichi wangu. Kijana anayeendesha pikipiki alikuja kwa ajili ya hasira. Mama mmoja Mwislamu, mfanyabiashara wa Birere, karibu na mpaka wa Rwanda, aliniambia kwamba kwa miaka mingi alivuta uradi kwa tasbihi huku moyo wake uko mpakani ukihesabu ushuru, na sasa kwa mara ya kwanza anayasikia maneno anayoyatamka. Sikumwelewa mpaka siku ambayo nami, nikisali rozari, nilifika fumbo la tano bila kupotea njiani.

Hata hivyo si wote waliobaki. Mzee mmoja Mprotestanti, mwalimu mstaafu, alituacha baada ya majuma matatu, akiamini kwamba ukimya wa namna hiyo huwafungulia pepo mlango. Bado tunasalimiana kwa upendo, na naona wasiwasi wake ulistahili jibu bora kuliko tulilompa. Mwingine, aliyeona vita kwa macho yake, alipofumba macho vita vilimrudia palepale. Muuguzi alimwambia ayaache wazi, atazame jani la mti, kisha akampeleka kwa mshauri wa wenye majeraha ya moyo. Tangu hapo simwambii mtu yeyote kwamba kuketi kimya ni dawa ya kila kitu, na nawe usikubali ukiambiwa hivyo.

Ukija likizo ya Agosti, utalala chumba cha upande wa ziwa. Mimi huketi saa kumi na moja asubuhi, wavuvi wa sambaza wakiwa bado majini, kisha nakwenda misa ya kwanza. Ukipenda, tutaketi pamoja. Njoo na rozari yako.

Nisalimie bwana wako na watoto wote.

Dada yako wa Himbi